Si Kila Tundu ni Ufa: Nasaha kwa Mwenye Pikipiki Kuukuu ya Maji

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila kijana anapoingia dukani kwangu amekunja uso na kushika spana, siku hiyo hunirudia.

Nimeuza vipuri hapa Karungu, kando ya ziwa, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Plagi, oili, nyuzi za nyavu, kamba, petroli. Siku hizi mmeanza kuniletea hizi pikipiki za maji, zile mnazonunua zikiwa kuukuu kwa watu waliokwisha kuzichoka. Mnakuja na neno moja tu: "Mama, imekosa nguvu." Kabla sijafungua mdomo, mmoja wenu ameshang'oa kiti na mwingine anauliza bei ya pistoni. Pistoni ninazo, na ningependa sana kukuuzia. Lakini keti kwanza hapo kwenye kreti ya soda, nikusimulie habari ya kaka yangu Oluoch, na ya shangazi yetu, na ya mashine moja iliyokaribia kumfukuza kaka yangu nyumbani.

Wakati huo simu za mkono zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia huku kwetu, na aliyekuwa nayo alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Ziwa lilikuwa limetuchukulia watu, na kamati ya ufuo ikaona haifai kuendelea kuokoa wanaozama kwa makasia. Kulikuwa na hoteli moja upande wa Homa Bay iliyokuwa imefungwa, na nyuma ya jiko lake palikuwa na pikipiki ya maji chini ya turubai, kuku wakiifanya kitanda. Ufuo mzima ukaichangia, ikaja juu ya lori la samaki. Watoto waliipa jina siku hiyohiyo: Nyang', yaani mamba, kwa jinsi ilivyolala majini ikionyesha mgongo tu.

Aliyechaguliwa kuiendesha ni Oluoch. Aliogelea kuliko wote, na hakuwa mtu wa papara. Kusema, ndiyo, kulimshinda. Ukimuuliza jambo leo atakujibu keshokutwa, tena kwa kichwa. Mimi nilichukua maneno yote nyumbani kwetu, nikamwachia yeye kimya chote.

Nyang' ilianza kwa kukohoa. Inawaka, inakohoa, inazima. Kidole cha kwanza kilinyooshewa mimi, kwa kuwa ndimi niliyeuza petroli. Nilimimina petroli yangu kwenye chupa safi ya kioo mbele ya watu, nikaiacha itulie. Petroli huelea, maji hukaa chini, hilo hata mtoto wa shule atakuambia. Chini ya chupa hapakuwa na kitu. Nikawatazama mmoja mmoja mpaka wakaanza kuangalia nyavu zao. Mimi sijui kuacha jambo lipite hivihivi, na uzee haujanisaidia.

Ikabidi fundi aitwe kutoka Homa Bay, kijana mwenye adabu na mkono mwepesi. Akamwaga petroli yote ya kwenye tangi na kukuta maji chini yake. Akatazama mfuniko wa tangi, akaona mpira wake umepasuka kwa uzee. Akaweka mpira mpya, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, na Nyang' ikanguruma vizuri. "Maji yalikuwa yanaingilia hapa kwa mfuniko," alituambia. "Sasa imeisha." Akapokea ujira wake na sahani ya samaki wa ngege, akaenda zake. Alisema kweli, na kazi yake ilikuwa safi.

Lakini mwanangu, umwambie mtu wa boti kwamba chombo chake kiliingiza maji, halafu umwambie imekwisha, akalale? Sisi tumezaliwa tukiziba. Mtoto wa hapa kabla hajajua kusoma anajua kusokomeza pamba kati ya mbao mbili na kuigongelea bati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu wa nchi kavu. Sisi ukuta hatupati nafasi ya kuujenga, tunazama. Kwetu tundu ni adui, liwe dogo namna gani.

Basi fundi alipogeuza mgongo, ufuo mzima uliingia kazini. Huyu kaja na gundi, yule kaja na pamba, mwingine kaja na blada, ile mikanda ya mpira tunayoikata kwenye tyubu za baiskeli na kufungia kila kitu duniani. Kiti cha Nyang' kikazungushiwa mikanda, kila mshono ukapakwa gundi. Na Oluoch, kwa jinsi alivyoipenda ile mashine, akaingiza mkono chini ya usukani akapapasa. Akakuta mpira mwembamba unaotoka kwenye tangi, unapanda juu, halafu unaishia hapo hewani, mdomo wazi, hauendi popote. Akauona ni uzembe wa waliotengeneza. Akaukunja, akaufunga kwa blada, akakaza kwa meno. Wazee wakamsifu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na niliona kaka yangu ana akili.

Hazikupita siku nyingi, upepo wa alasiri ukapindua boti iliyokuwa ikirudi na samaki wa mbuta, ng'ambo ya kile kisiwa cha mawe tunachokiona kutoka hapa. Ndani yake alikuwemo mtoto wa Mzee Ogola, mwenyekiti wa ufuo. Oluoch hakungoja kuambiwa. Akairukia Nyang', akaenda kwa kasi iliyowafanya wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena wainuke kumtazama. Akafika kwenye kisiwa cha mawe, akakipita, akaingia kwenye mawimbi yenyewe, na hapo ndipo sote tulipoona akipunguza mwendo. Akasimama, akasogea kidogo, akasimama tena.

Boti ya tanga iliyokuwa karibu ndiyo iliyowafikia wale watu. Waliokolewa wote, Mungu ni mwema, ingawa mtoto wa mwenyekiti alikuwa amekunywa maji hata hakuweza kusimama. Oluoch alirudi nyuma ya kila mtu. Mzee Ogola alimngoja ufuoni, akamuuliza neno moja mbele ya watu: "Uliogopa?" Kaka yangu akamtazama, akatikisa kichwa, akaanza kuivuta Nyang' mchangani. Kama angesema, labda leo nisingekuwa na hadithi.

Kesho yake mwenyekiti alitaka haki, nami simlaumu, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akamweka kijana mwingine juu ya Nyang', akamwambia aizungushe mbele ya ufuo. Ikaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa asubuhi. Wakaitoa majini wakaichungulia chini, kwenye chujio la kufyonzea maji, wakitafuta magugu maji au uzi wa wavu uliojisokota kwenye propela. Safi, hapakuwa na kitu. Wakachomoa plagi, zilikuwa na rangi ya udongo mkavu, inavyotakiwa. Wakairudisha majini, na kile kijitundu cha ubavuni kinachorusha maji ya kupoza injini kilirusha kama mtoto wa kiume anayekojoa. Wakafungua mfuniko wa tangi: petroli tele. Mzee Ogola akafuta mikono yake na kutoa hukumu.

"Hii mashine iko mzima," alisema. "Mgonjwa ni mtu."

Mwanangu, neno la namna hiyo halihitaji mtandao wa simu. Kufikia jioni lilikuwa limefika kila jiko. Kwa Dholuo mtu mwoga anaitwa jaluoro, na hilo ndilo likawa jina la kaka yangu. Watoto walilitamka wakikimbia. Wanawake kwenye mzani wa samaki walilitamka kwa upole, na upole huo ndio ulioumiza zaidi. Kwa mvuvi jina hilo ni kifo. Nani atakubali kuingia ziwani na mtu anayesemwa atamwacha? Kazi ya boti ikamkauka.

Ndipo akatamka sentensi yake ya kwanza baada ya siku nyingi. "Naenda Osiri."

Huko Osiri watu huchimba dhahabu kwa mkono. Wanashuka kwenye shimo kwa kamba, shimo jembamba lenye giza, na juu yao kuna udongo usiokuwa na huruma. Baba yetu, Okech, alishuka kwenye shimo kama hilo tukiwa wadogo, udongo ukamfunika. Oluoch alijua. Ndiyo sababu alipachagua. Alitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusema anaogopa. Akafunga nguo zake kwenye mfuko wa shule wa zamani, akauweka mlangoni. Mama alichukua jembe akaenda kulima sehemu ya shamba aliyokuwa amekwisha kuilima. Nikamwona kwa mbali akiinua na kushusha, na moyo wangu ukavunjika.

Kwetu, mwanangu, dada ya baba tunamwita waya, na neno la waya mtoto wa kaka yake haliruki. Wetu aliitwa Waya Syprosa, mjane mwenye mashine ya kusaga unga pale sokoni Oyugis. Nikamwomba Oluoch anisubiri nirudi, akakubali kwa kichwa. Nikafunga safari, na njia nzima nilikuwa nikitengeneza maneno ya kumshawishi Waya aje kumkataza.

Nilimkuta mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, mashine inanguruma, foleni ya wateja na ndoo zao hadi barabarani. Nikamweleza yote kwa kupiga kelele, machozi yananitoka. Alinisikiliza kwa sikio moja, lingine alikuwa amelielekeza kwenye mashine yake. Katikati ya maneno yangu aliinua kidole ninyamaze, akasikiliza, akamwambia mteja apunguze kumimina mahindi, sauti ikatulia. Kisha akanigeukia.

"Mmemuuliza nini?"

"Kila mtu alimuuliza kama aliogopa, Waya."

"Na wewe?"

"Mimi nilimwambia najua hakuogopa."

"Sasa hiyo ni swali?" Akaniangalia mpaka nikashusha macho. "Nyathina, mtoto wangu, sikiza. Mwenyekiti alimhukumu, wewe ukamtetea, na hakuna mtu hapo katikati mwenye alimuuliza nini ilifanyika. Mtu akikuja hapa aniambie mashine imezima, mimi siulizi nani ameizima. Nauliza ilikuwa inasema aje kabla izime."

Nilikuwa nimekwenda kuchukua amri, nikapewa kemeo. Na liliniingia, kwa sababu nilimpenda kaka yangu kuliko watu wote wa ufuo ule, na mapenzi yangu yalikuwa hayajampa hata nafasi ya kusema. Nilikuwa nimemletea jibu mkononi. Waya alinawa uso, akamwachia jirani ufunguo, tukaondoka pamoja.

Tulipofika hakumkataza Oluoch chochote. Alitazama ule mfuko mlangoni, akausogeza kwa mguu apate pa kuweka kiti, akaketi. Mama alileta uji. Waya akanywa taratibu, kisha akasema kama anayeuliza habari za mvua, "Hebu niambie vile ilienda. Anza pale uliiwasha."

Kaka yangu alizungusha kikombe chake cha uji, na mimi nikataka kumsaidia. Waya akanitupia jicho. Nikameza ulimi.

"Iliwaka vizuri," Oluoch akaanza. "Ikakimbia vizuri. Nilipopita kisiwa ikaanza kuchoka. Si kukohoa. Kuchoka tu, kama mtu anaivuta kutoka nyuma. Nikiongeza moto, inashuka. Nikiachilia, inapata kidogo. Halafu ikazima."

"Ilipiga kelele bila kwenda, au sauti yenyewe ilishuka?"

"Sauti ilishuka."

"Ukafanya nini?"

"Nilifungua tangi nione kama kuna petroli. Iko. Nikafunga, nikawasha, ikaenda kama mpya. Mbele kidogo ikachoka tena. Nikiangalia, naona boti ya tanga imewafikia."

Waya aliweka kikombe chini. "Wakati ulifungua tangi, ulisikia nini?"

Oluoch akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoacha ufunguo. "Ilivuta," akasema. "Kama mtu amevuta pumzi."

Waya alicheka mpaka unga ukamdondoka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. Hakuwahi kugusa pikipiki ya maji maishani mwake. Lakini petroli ikitoka kwenye tangi, sharti hewa iingie kujaza pengo, iwe ziwani au Oyugis. Hewa isipoingia, tangi linajifyonza lenyewe na kuing'ang'ania petroli, na injini inakufa njaa huku chakula kipo chungu kizima. Ukifungua mfuniko, hewa inaingia kwa kishindo, mashine inapona, mpaka pengo litokee tena. "Nani alifunga mahali pa kupumua?" aliuliza, na Oluoch akatazama mikono yake mwenyewe.

Hapo mimi niliruka nikachukua kisu. Waya akanishika nguo.

"Kaa chini. Ukikata saa hii, watasema alifunga mwenyewe apate sababu, na amefungua mwenyewe apate jina. Kwanza wauone ugonjwa. Dawa itafuata."

Nimekuwa nikilirudia neno hilo kwa mafundi wangu wote, na wachache ndio wamelishika. Hilo la kufungua kila kitu kabla ugonjwa haujaonekana ndilo linalomaliza vipuri vya watu. Tena angalia, mwanangu, jinsi ile hukumu ya ufuoni ilivyokuwa imejengwa. Waliijaribu Nyang' karibu na watu, mizunguko miwili mitatu, kisha wakafungua tangi kutazama petroli. Kila walipolifungua walikuwa wanaitibu bila kujua. Kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa wakikipapasa kila siku na kukiita salama.

Waya alikwenda kwa Mzee Ogola kwa heshima zote, akamwamkia, akamshukuru Mungu kwa uzima wa kijana wake. Kisha akamwomba, mbele ya wanakamati waliokuwa wamekuja kunywa chai, apande nyuma ya Oluoch waende mpaka ng'ambo ya kisiwa. Mzee akaeleza kwamba ana kazi, kwamba mgongo unamsumbua, kwamba mashine ilikwisha kujaribiwa. Waya akamsikiliza hadi mwisho. "Ni sawa, mwenyekiti," akasema. "Kama unaogopa, si lazima." Wanakamati walitazama vikombe vyao. Mzee Ogola akasimama kutafuta jaketi la kuelea.

Walitoka mchana, upepo ukiwa umeanza kuamka. Waya aliagiza boti ya makasia iwafuate, kwa kuwa ushahidi wa mtu aliyezama haumsaidii mtu. Sisi tulisimama ufuoni wote, na Mama alikuja moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani. Nyang' iliondoka kwa vishindo vyake vya kawaida. Ikapita kisiwa, ikapungua, ikasimama pale palepale iliposimama siku ile, na nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi kwa mshangao.

Yaliyotokea kule aliyasimulia mwenyekiti mwenyewe, mara nyingi, mpaka alipofariki. Alisema mashine ilipozima na mawimbi kuanza kuwapiga ubavuni, alimkumbatia Oluoch kiunoni kama mtoto, na akaanza kuomba kwa Dholuo na kwa Kiswahili, lolote litakalofika kwanza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu, mpaka siku utakapowekewa kichwani. Aliyekaa nyuma haoni uso wa dereva, lakini anausikia mgongo wake, na mgongo wa Oluoch ulikuwa umetulia. Kaka yangu aligeuka akamwambia, "Mzee, fungua tangi, sikiza." Mzee akafungua kwa mikono inayotetemeka, akasikia ule mvuto, fyuuu, hewa ikikimbilia ndani. Oluoch akawasha. Mashine ikapona. Wakaenda mbele kidogo, ikachoka tena. Mzee akafungua tena, na safari hii hakungoja kuambiwa.

Waliporudi, Waya alimpa mwenyekiti kisu ili akate yeye. Blada ikaanguka mchangani. Wakaondoka mara ya pili, wakazunguka kisiwa chote, wakaenda hadi kwenye maboya ya nyavu za mbali, wakarudi, na Nyang' haikuhema hata mara moja.

Mzee Ogola alishuka, suruali imelowa hadi mapajani. Alikuwa mtu wa majivuno, sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa yeyote, na sikutegemea. Alisimama pale penye mzani wa samaki, mahali ambapo jina la kaka yangu lilikuwa limeuzwa kwa bei ya chini, akangoja watu wanyamaze. "Nimekaa nyuma yake," alisema. "Mwenye alitetemeka ni mimi. Huyu hapana." Kisha akamshika Oluoch begani na kumwita kwa jina ambalo hatukuwa tumelisikia tangu mazishi: "Wuod Okech."

Mwana wa Okech. Mwana wa yule aliyeshuka Osiri asirudi. Mama alisikia. Aliteremsha jembe begani, akaukalia mpini wake palepale mchangani, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi nililia pia. Oluoch alichuchumaa mbele yake akamshika miguu.

Jioni hiyo Waya aliufungua ule mfuko wa mlangoni kwa mkono wake, akatoa nguo moja baada ya nyingine, akamkemea mwenye nguo. "Mashine uliinyonga kwa upendo, hiyo nimekusamehea. Lakini hii mdomo yako, uliifunga na blada gani? Ulijua ilikuwa inachoka. Ulijua inapona ukifungua. Ukabeba hiyo yote kwa tumbo na ulikuwa tayari uende nayo kwa shimo?" Mficha maradhi kifo humuumbua, akamalizia, akamwekea sahani ya pili. Oluoch alicheka. Ulikuwa umepita muda mrefu sijausikia mcheko ule.

Yuko hai mpaka leo, kaka yangu, mvi tupu, ana boti zake mbili, na bado hasemi sana. Ila siku hizi ukimuuliza jambo anakujibu siku hiyohiyo.

Sasa wewe, mwanangu mwenye spana. Nimekuchelewesha, lakini sijakupotezea muda. Hiyo mashine yako kuukuu ikikosa nguvu, iulize kabla hujaipasua. Kama inapiga kelele nyingi lakini haiendi, injini ni nzima, kasoro iko chini kwenye msukumo: tazama magugu maji, tazama uzi wa wavu, tazama propela na kuta za bomba lake kama zimelika. Kama sauti yenyewe inashuka, tafuta inachokosa: petroli safi, cheche, au hewa. Mimina petroli kwenye chupa ya kioo uiache itulie. Chomoa plagi usome rangi yake. Hakikisha maji ya kupoza yanatoka ubavuni, na usiinguruze nchi kavu muda mrefu, utaichoma. Mipira ya petroli ya mashine za zamani huoza kwa ndani na kuziba kabureta, ibadilishe. Inua kiti mvuke wa petroli utoke kabla hujawasha, na mwenye sigara asimame mbali. Na kama inakimbia vizuri karibu kisha inachoka mbali, fungua mfuniko wa tangi usikilize. Ikivuta pumzi, mpe fundi aangalie njia ya hewa, na usije ukaniambia nikuuzie pistoni.

Hayo ni ya mashine. Ya watu ni hayohayo. Ziba ufa, ndiyo, lakini jifunze kuutofautisha ufa na pua. Usimpime mtu kwa jinsi anavyokwenda mbele ya ufuo, mahali kila mashine inanguruma. Mwenzako akipungukiwa nguvu mbali na macho ya watu, usimhukumu haraka, na usikimbilie kumtetea haraka pia. Muulize ilikuwaje, kisha unyamaze mpaka amalize. Na likikupata wewe, sema. Kimya kingi si ujasiri, ni tangi lililofungwa.

Haya, inuka, kreti hiyo ina wenyewe. Nenda na Mungu, mwanangu. Akupe maji matulivu na mikono isiyo na papara. Akuepushe na kuzimikiwa mbali na watu, na ikitokea umezimikiwa, akupe mtu mmoja atakayekuuliza ulisikia nini.